Samaki na Nguo Zake

Elia mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ilongero mtama umeiva. Anayeandika ni mwalimu jirani, maneno ni yangu.

Unauliza kama nami niliwahi kuogopa soko la ugenini, maana wewe huko uliko unawazunguka wauza samaki bila kuuliza, kisha unarudi na mkate. Niliogopa sana. Enzi za Mwingereza nilimfuata babu yako Tanga, kwenye mkonge. Akienda kukata, mimi nashinda chumbani bila wa kunisalimu. Siku moja nikamnyooshea kidole samaki sokoni, nikalipa, nikakimbia. Kwetu nilijua kambale tu, hana magamba. Huyu nikampika na magamba yake.

Jirani yangu Mama Saidi akachungulia chungu. "We Mnyaturu, unapika samaki na nguo zake?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikalia. Akamtoa chunguni, akanionyesha kuparua, akasema, "Kesho twende wote sokoni."

Tangu nitoke nyumbani, hakuna aliyekuwa ameniambia "twende".

Nenda kaulize, hata kwa kukosea. Wakicheka usikimbie, ngoja uone nani atabaki. Mimi huku nimebaki na nyumba kubwa mno.

Bibi yako, Nyamwai