Siku Niliyomkatiza Kokushubira

Mjukuu wangu Alinda,

Hapa Kagoma tunaamka. Babu yako bado anakohoa, na migomba ya nyuma imeingiwa na mnyauko. Umeniuliza, kabla hujaanza kazi ya ualimu, kwa nini mimi niliiacha.

Miaka ile ya ujamaa nilipelekwa Ngenge kushika nafasi ya mwalimu aliyeugua, kwa wiki mbili. Hakurudi, nikakaa miaka miwili. Nilifundisha madarasa mawili peke yangu, nikikimbia huku na huku. Ili niyamudu, niliweka amri moja: darasani ni Kiswahili tu.

Asubuhi moja Kokushubira wa darasa la kwanza alisimama, akaanza kwa Kihaya, kwa heshima: “Waitu mwalimu…” Nilikuwa nawahi darasa la pili.

“Sema Kiswahili au kaa,” nikamkatiza.

Akakaa. Saa sita wenzake walipotoka, yeye alibaki amelala sakafuni, mwili unachemka kwa homa. Tulimbeba kwa machela, lakini zahanati hakufika.

Baada ya mazishi mama yake alinishika mikono, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe utii.

Mimi ni Mhaya, mjukuu wangu. Ningemwelewa.

Bibi yako