Nimefika Kwao Derlis, Shangazi

Carrollton, Texas,
Marekani.
9 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Adventina,

Shikamoo sana. Kabla ya yote natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa masika sasa limetulia. Sisi huku hatujambo. Jua la Texas linatuonea mwaka huu, asubuhi tu lami imeshapata moto, lakini tunakula, tunalala na tunaamka. Mama Glory anakuamkia na anauliza kama utamkumbuka msimu wa senene ukifika.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu wewe mwenyewe ulisema jambo zito halizungumzwi kwenye simu inayokatika-katika. Anayekuletea ni Angel, binti wa jirani yetu hapa Carrollton, anayekuja Bukoba likizo. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Mwalimu Gelasius, wewe unayemsomea mama yako, nakujua vizuri. Usikifungue mpaka ufike mwisho.

Shangazi, nimekutii. Siku ile ya Pasaka nilipokuambia kwamba Glory amepata mchumba na kwamba mchumba ni mtu wa Paraguay, hukuuliza umri wake wala kazi yake. Uliniuliza swali moja tu: "Nani wetu amekwenda kuona kwao?" Derlis nilimjua kama kijana mpole wa Houston, fundi wa mashine za vipimo katika hospitali anayofanyia kazi Glory, anayekula ugali bila kubembelezwa. Kwao sikukujua.

Na Glory, uliyemlea tangu anatambaa mpaka tulipomchukua kuja huku, alikataa hata kupanga tarehe. Alikuja kutoka Houston mwishoni mwa wiki, akakaa mezani, hata chai hakuigusa. Akaniambia, "Daddy, siwezi ku-book ukumbi wakati Bibi bado hajasema. Bila yeye mimi siendi kanisani, and I mean it." Wewe ndiye Bibi anayemsema. Wengine wote ni nyongeza.

Basi mwezi wa saba nikaomba ruhusa kazini, nikapanda ndege Houston pamoja na Derlis mwenyewe, maana Kihispania changu kinatosha kununulia chakula tu. Cheka upendavyo: upande wa mwanamke umetuma mtu wa kupeleleza, na mkalimani wake ndiye mposaji. Nilimwonya mapema kwamba akitafsiri kwa kujipendelea nitamgundua usoni.

Tuliunganisha ndege Panama, tukafika Asunción, mji mkuu wa Paraguay, kisha gari hadi wilaya ya mashambani iitwayo Santa María de Fe, katika mkoa wa Misiones. Nchi ni tambarare, nyasi na ng'ombe mpaka macho yachoke, na udongo ni mwekundu kama wa kwetu. Nilipouona udongo ule niliomba gari lisimame, nikashuka nikaushika. Mihogo ipo tele, wanaila asubuhi, mchana na jioni. Ndizi za kupika hawazijui vizuri, masikini, lakini hilo nimewasamehe. Kule mwezi wa saba ni baridi, nami nilikwenda na mashati ya Texas, kwa hiyo nilishinda nimevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifika kwenye viwiko.

Katikati ya mji kuna uwanja wenye miti mirefu, na juu ya miti wanaishi kima wanaonguruma alfajiri. Asubuhi ya kwanza nilidhani kuna mtu anahangaika kuwasha trekta. Pembeni mwa uwanja zipo nyumba ndefu za zamani zenye baraza, za enzi ya misheni. Mapadri Wajesuiti walifika zaidi ya miaka mia tatu iliyopita wakaishi na Waguarani, wenyeji wa nchi ile, na mikono ya Waguarani ndiyo iliyochonga watakatifu wa mbao ambao leo watu hutoka mbali kuja kuwatazama. Mfalme wa Hispania alipowafukuza mapadri, wenyeji ndio waliobaki na watakatifu wao. Kanisa la zamani liliungua baadaye, lakini sanamu nyingi zipo mpaka leo.

Pale makumbusho nilimkumbuka Babu, baba yako, alivyokuwa akituonyesha ukuta wa kanisa la pale kwetu Kashozi na kutuambia kwamba mawe yale aliyabeba yeye kichwani. Watu wa kule nao wanazungumza hivyohivyo. Hutawasikia wakisema misheni ilijengwa na mapadri. Wanasema tulijenga, tulichonga, tulificha, kana kwamba ni kazi ya juzi. Nilijivuna kwa ajili yao, na kwa ajili yetu pia. Unajua sisi hatuhitaji sababu kubwa ya kujivuna.

Upelelezi nao niliufanya. Niliuliza dukani, nikauliza kwa kinyozi, na nikamtafuta mwalimu mmoja anayejua Kiingereza ili nisimtegemee Derlis peke yake. Ni watu wanaoheshimiwa. Baba yake alifariki Derlis akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, Ña Eulogia. Hilo "Ña" ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema "Ma". Lawama pekee niliyoipata ni ya mwenye duka, kwamba Derlis alikuwa golikipa mbovu aliyewakosesha kombe.

Ña Eulogia ni mwanamke mfupi, mwembamba, na akisema kaa, unakaa. Mngependana, au mngegombana siku nzima, maana mnafanana mno. Alinipokea barazani kwa kinywaji cha majani kinachonyonywa kwa mrija mmoja unaozunguka watu wote. Wageni wengine husita. Mimi niliyemwona Baba akinyonya pombe ya rubisi kwa mrija na wenzake nilinywa kama mwenyeji, naye akafurahi.

Ndipo nikatoa kahawa yako, ile ya kutafuna uliyonitumia Krismasi. Niliiweka kwenye kisahani nikampa kwa mikono miwili. Derlis alikuwa amekwenda kuleta kuni, kwa hiyo hapakuwa na wa kutafsiri. Ña Eulogia aliinusa, akanitazama, akainuka akaingia nayo ndani. Nilimwona mlangoni akiiweka miguuni pa mtakatifu mdogo wa mbao aliye kwenye rafu, San Isidro wa wakulima, aliyerithiwa tangu wazee wao. Akarudi akaketi. Hakutafuna hata moja.

Shangazi, nilivunjika moyo. Kwetu kahawa ikitolewa isitafunwe, undugu umekataliwa, hakuna tafsiri nyingine. Nilikula mihogo yao bila kusikia ladha. Nilimwambia Derlis nimechoka, nikaanza kupanga nguo kwenye begi huku nikitafuta maneno ya kumwambia Glory. Nilimhurumia mwanangu, na nilikasirika pia, sikufichi. Kahawa ya Adventina iachwe kwenye rafu?

Asubuhi Ña Eulogia akaita nyumba nzima. Walisali kwa Kiguarani, kisha akakiteremsha kile kisahani, akanipa mimi kwanza, akachukua yake, akawagawia watoto na wajukuu. Wote wakatafuna. Nyuso zilikunjamana, lakini hakuna aliyetema. Ndipo Derlis akanieleza kwamba katika nyumba ile kitu cha thamani hakiguswi kabla hakijalala kwa San Isidro. Mahindi ya kwanza hulala pale. Tiketi yake ya kwenda Marekani ililala pale. Nikatazama rafuni, na pale kisahani kilipokuwa, nyuma yake, nikaiona picha ya Glory akiwa na sare yake ya uuguzi. Nilitoka nje kidogo kujifuta macho.

Niliporudi, Ña Eulogia alikuwa ananingoja na neno, na Derlis akalitafsiri pole pole: "Wewe umekuja kutuona. Na kwenu, nani wetu amekwenda kuona?"

Ni swali lako, Shangazi, neno kwa neno. Nikamweleza habari zako, jinsi ulivyomlea Glory, na kwamba bila wewe hakuna harusi. Akasema angekuja kukuona mwenyewe, ila daktari wa moyo amemkataza ndege. Nikamweleza pia jinsi wazee wetu walivyofunga undugu, kwamba tunda moja la kahawa lina punje mbili, na watu wawili wakigawana tunda hilo wamekuwa ndugu. Derlis alitafsiri yote. Bibi yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachagua tunda moja kati ya yaliyobaki kwenye kisahani.

Kwa upande wangu, Shangazi, ninakuambia kama mtu uliyemtuma: kwao nimekuona. Ni watu. Ningejivunia kuitwa mkwe wao hata kama wangekuwa jirani wa kuonana nao kila siku.

Msalimie mke wa Gelasius na watoto, msalimie mzee wetu Ta Deogratias na wote wa kibanja cha juu. Mama Glory anasema asante kwa vitenge. Derlis anakuamkia, na shikamoo ameshajifunza, anaitamka vizuri kuliko watoto wetu waliozaliwa huku.

Sasa, Gelasius, fungua uzi.

Ni punje moja tu. Ni kahawa yako, Shangazi, ya mibuni iliyo nyuma ya jiko lako. Imekuja Texas, imekwenda Paraguay, imelala kwa San Isidro, na leo imerudi Kashozi. Punje mwenzake ameitafuna Ña Eulogia mbele ya macho yangu, akaimaliza. Hii ni yako. Kama moyo wako unakataa, mpe Angel airudishe, na Glory ameniahidi hatakulaumu. Kama unakubali, usihangaike kupiga simu. Angel akirudi mikono mitupu tutakuwa tumekuelewa.

Mungu akutunzie goti, macho na meno, na mwaka huu hasa meno.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuogopa kidogo,

Wilbroad