Mkato wa Jino

Kiegeani, Mafia

Kaka Hafidhi,

Shikamoo. Natumai huko Maskati hamjambo. Huku mvua imetosha, na Mama ameanza tena kugombana na kuku wangu, basi ujue ni mzima.

Ile mifupa waliyoiokota wavuvi waliopiga kambi ya dago kisiwani Shungimbili si ya mdogo wetu Dulla aliyepotea baharini. Majibu ya vinasaba yamekuja juzi.

Kosa ni langu. Daktari aliponionyesha meno, niliona la mbele lina mkato kama la Dulla, nikaangua kilio palepale. Nilisahau kwamba kila anayeshona nyavu hukata uzi kwa meno. Daktari hakubishana nami. Alimpangusa Mama mdomoni kwa pamba ya kupimia vinasaba, akasema tusubiri. Usinilaumu, maana nawe hukusubiri majibu, ulishamsomea hitima huko.

Mama alipoambiwa si mwanawe, alisujudu. Kisha akaulizia ile sanda tuliyomnunulia Dulla. Nikamwambia nitairudisha dukani. Alinigeukia kwa ukali: "Urudishe nini? Huyo mtoto wa watu azikwe uchi?"

Tumemzika jana baada ya alasiri. Daktari amebaki na jino moja la marehemu, ili mamake akipatikana walinganishe, naye ajue kaburi liko wapi. Mama alikaa kitako akamwombea kama aliyemzaa.

Leo asubuhi nimemkuta uani anaanika godoro la Dulla. Nilishika upande wa pili, tukaligeuza.

Mdogo wako,
Fauzia