Daftari la Joto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na wote wa hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Natumaini umeacha ubishi na unalikanda kama ulivyoambiwa, ingawa nakujua. Mimi ni mzima wa mwili. Simu ingekufikia haraka kuliko barua hii, lakini kwenye simu ningesikia sauti yako na ningemeza nusu ya maneno, kama nilivyofanya wiki mbili zilizopita.

Nilikuambia kitindamimba wako ana homa kidogo. Haikuwa homa. Kabla hujasoma zaidi, jua kwamba yu hai, anakula, na wiki hii ameanza kuwatania manesi. Sasa nikueleze yaliyotokea.

Karakana yetu unaijua kwa kusimuliwa tu. Ni chumba kimoja kirefu chini ya mabati, vyerehani ishirini na vinane, meza ya kukatia vitambaa, na huko nyuma Mama Pasi na pasi zake nne. Tunashona sare za shule, na msimu wa sare unaangukia miezi ya joto. Zamani joto kali lilikuwa la wiki mbili tatu, tunanung'unika, linapita. Mwaka huu limedumu miezi miwili, sasa linaingia wa tatu, na halina dalili ya kuaga. Siku ile, baada ya chakula cha mchana, binti yako aliinuka kufuata uzi, akamwita Mama Pasi kana kwamba ni wewe, akaanguka katikati ya vyerehani. Ngozi yake ilikuwa kavu, inaunguza. Nilimbeba mimi mwenyewe, dada, na sikujua kama nimebeba mtu au maiti.

Daktari aliniuliza chumba kilikuwa na joto kiasi gani. Mimi ndiye msimamizi, mimi ndiye ninayesoma kipimajoto mara tatu kwa siku na kuandika kwenye daftari, kwa kuwa kanuni inasema kikifika nyuzi thelathini na tano kazi isimame. Nikamjibu thelathini na moja. Akasema huyo ni mgonjwa wake wa nne wa joto wiki hiyo, wengine ni waoka mikate na wachomeleaji wa mtaa wetu huo huo. Akaongeza kwamba dunia inazidi kupata joto kwa moshi wa viwanda na magari na kwa misitu inayofyekwa, kwa hiyo tusijidanganye kuwa huu ni mwaka mbaya tu utakaopita.

Wenzangu hawakukaa kimya. Kesho yake vyerehani vyote vilinyamaza. Wachomeleaji wakaja, waoka mikate wakaja na unga kwenye nyusi. Walikubaliana kudai kazi ianze alfajiri na isimame mchana, na mabati yapakwe rangi nyeupe. Sisi wenyewe tupande miti upande wa jua la jioni na tuitunze kwa zamu. Tena kila karakana ipime joto lake, na vipimo vyote vipelekwe kwa pamoja kwa maofisa wa mji, maana mshonaji mmoja akilalamika anaambiwa mvivu. Mama Pasi, ambaye tangu nimjue hajasema zaidi ya kuomba aletewe nguo, alizungumza mpaka akalia. Halafu wakanichagua mimi niwe msemaji, kwa sababu nina daftari la miaka mitatu.

Juzi tulikwenda kwa mwenye karakana. Hakugomba. Aliomba daftari, akatusomea ukurasa baada ya ukurasa: thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Akasema kwa upole kwamba mtu wetu wenyewe ameandika kuwa chumba hakijawahi kufika thelathini na tano, basi msichana atakuwa alikuja na ugonjwa wake kutoka kwao. Wote wakanigeukia, wakisubiri nimjibu. Nilisema nina kizunguzungu, nikatoka nje.

Dada, kipimajoto nilikihamisha mimi. Hakuna aliyenituma. Kabla ya daftari hili kilining'inia katikati ya chumba, na kila kilipopanda nilisimamisha kazi, na watu wakaninunia, kwa kuwa tunalipwa kwa kila nguo. Nikaona nimalize maneno. Nikakipigilia ukutani juu ya pipa la maji ya kunywa, penye kivuli na dirisha, na tangu hapo tukaishi kwa amani, mpaka nikaitwa Bwana Baridi. Binti yako peke yake ndiye aliyeugundua mchezo. Alinitania kwamba kipimo changu kinapenda maji kama bata. Nilicheka, naye akarudi kwenye cherehani chake, kilicho katikati kabisa ya chumba.

Jana nilimwambia ukweli pale kitandani. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu kama wenzake wanajua. Vidole vyake bado haviwezi kutunga uzi kwenye sindano, na daktari hasemi lini vitaweza.

Leo nimeingia kabla ya wote, nikaking'oa kipimajoto, nikakipigilia kwenye nguzo iliyo karibu na kiti chake. Saa saba mchana kilisoma arobaini na moja. Nimeandika hivyo, na chini yake nimeandika mahali kilipokuwa miaka yote mitatu, na nani alikiweka. Kesho karakana zote zinakutana uani kwa waoka mikate, nami nitausoma ukurasa huo kwa sauti kabla ya neno jingine lolote. Huenda wakaninyang'anya usemaji, na kazi nayo ikaota mbawa. Nimetaka wewe ujue kwanza, kwa sababu siku uliponikabidhi mtoto ulisema yuko na mjomba wake, huna wasiwasi.

Nisalimie shemeji, umweleze utakavyoona inafaa. Ukiamua kuja kumchukua, nitakupokea kituoni. Na kama hutaki kuniona, nitamwomba Mama Pasi aje badala yangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa naitwa Bwana Baridi