Nyuzi Thelathini na Tisa

Kenchi za ghala langu zimekataa kukutana, na hapa Mtinko lawama zote wamembebesha mwanangu.

Sijasalimia, najua. Ni Jumatano, upepo unavuma tangu alfajiri, nina vumbi usoni na hasira kifuani. Mnaonisoma humu mnanijua: mimi niliishia darasa la saba, lakini Hadija wangu yuko chuo cha ufundi Dodoma, anasomea ujenzi, msichana peke yake darasani kwao. Nimeshaandika hilo mara nyingi. Naandika tena.

Mambo yalikuwa hivi. Mashine ya mbao kule mjini inakata ncha za mbao za kenchi kwa nyuzi za pembe. Ukimpelekea mwenye mashine mita na sentimita, anakuangalia tu. Shemeji yangu Ramadhani, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye fundi wetu, na hesabu za nyuzi hazijui. Nikamwambia mbele za watu, kwa maringo yangu yote, mpigie mtoto, yeye anageuza mita kuwa nyuzi kabla chai yako haijapoa.

Akampigia. Kimo cha paa mita moja na sentimita ishirini, upana mita tatu. Hadija akafanya alivyofundishwa: paa ni pembetatu mbili zilizopeana mgongo, kwa hiyo upana unakatwa katikati. Akagawa kimo kwa mita moja na nusu, akapata sifuri nukta nane, akauliza kikokotoo hiyo ni tanjenti ya nyuzi ngapi. Thelathini na tisa. Mbao zote zikakatwa hivyo.

Leo asubuhi wakapandisha kenchi ya kwanza. Pale kileleni ncha zinagusana kwa juu tu, kwa chini zimeachana mwanya wa kuingiza ngumi.

Shemeji akashuka ngazi taratibu. "Mama Hadija, hizi nyuzi za chuo. Labda Dodoma kuta zimeinama."

Watu wakacheka. Hata aliyeshika ngazi, ambaye nimemlisha ugali wangu.

Mzee wa kamati ya msikiti hakucheka. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wakiridhika na paa langu, Hadija atapewa kupima paa la madrasa. Akasema kwa upole watatafuta fundi wa mjini. Upole ule umeniuma kuliko vicheko.

Nikampigia Hadija. Akasema, "Mama, usinitaje tena kwa watu."

Mimi nisimtaje?

Watu walipokwenda kula nikachukua tepu ya shemeji, nikapima mwenyewe ukuta hadi ukuta. Mita sita. Nikapima tena, maana hasira haina macho mazuri. Sita.

Kumbe shemeji alipima kutoka katikati hadi ukuta wa nje, kama alivyomwona baba yake akipima, kama mafundi wote wa huku, ambao paa wanalihesabu upande mmoja mmoja. Akampa mtoto mita tatu bila kueleza. Na ghala limeanzwa Hadija akiwa chuoni, hajaliona. Akaikata nusu iliyokwisha kukatwa.

Nikampigia tena. Nikasikia anabonyeza. "Moja na ishirini gawa kwa tatu, sifuri nukta nne. Ni nyuzi ishirini na mbili, mama." Kisha sauti ikashuka. "Ila ningeuliza amepima kutoka wapi. Na mimi nina kosa."

Yeye analia huku akijilaumu. Mwenzake nilimkuta amejilaza kivulini.

"Basi angeuliza," shemeji akasema.

"Na wewe ungesema."

Akajikuna shingo. Ncha atazikata upya, anasema, paa litapungua kidogo tu nje ya ukuta, tusiyakuze maneno. Nimemsikia. Kumcheka mtoto kulikuwa hadharani, kumsafisha anataka kuwe baina yetu wawili, chini ya ukuta.

Nimekataa. Mbao zinarekebishika. Jina la binti fundi, katika kijiji hiki, likishachafuka nani atampa tena kazi?

Nimemwambia hakuna msumeno utakaogusa mbao zangu mpaka Hadija afike. Anakuja Ijumaa. Atapanda juu ya ukuta ashike tepu yeye, na shemeji atasema kwa mdomo wake alipimaje. Amekubali kwa kuguna. Kama atasema kweli, sijui.

Jioni hii nimepita kwa wote waliocheka, na kwa mzee wa kamati. Sikumgombeza mtu. Nimesema nachinja majogoo na togwa itakuwepo, waje kunisaidia kupandisha kenchi. Wote wamesema watakuja.

Siku ni Jumamosi. Sikuwaambia kwamba kabla ya majogoo watamsikia shemeji.