Pumzi ya Kuomba

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mazoezi ya kuzama majini kwa pumzi moja yanaendelea: nikilala sakafuni sebuleni nabana pumzi dakika tatu. Bibi anashika saa na kunionya, "Usinifie hapa, mjukuu wangu, bado sijanywa chai."

Ila nina la kukiri. Ulinikataza kuzama peke yangu, nami niliona haya kumwomba mtu aniangalie. Jumamosi nilizimia bwawani. Msafishaji wa bwawa ndiye aliyenitoa. "Waona haya kuomba, huoni haya kufa?" akanifokea.

Leo nimemwendea. "Kaka, naomba uniangalie nikizama." Maneno hayo yalinimaliza pumzi kuliko zile dakika tatu. Akaweka fagio chini, akavua viatu, akatangulia majini.

Mama nitamwambia mwenyewe kesho.

Mdogo wako anayepumua