Rimu Nyeupe na Mteremko wa Dareda

Jumamosi, 2 Agosti. Tlawi

Rimu tatu za gari nimeshaosha, bado moja. Nimeacha kwanza vidole vipate joto. Maji ya huku asubuhi yanakata. Ndoo mbili, sabuni ya unga, mswaki wa zamani wa kupitishia kwenye pembe. Mswaki ni wa Salimu, mume wangu. Anadhani ulipotea.

Vumbi jeusi la pedi za breki. La barabarani ukilipuliza linaondoka. Hili linang'ang'ania kama deni la ukoo. Nalitoa leo, Ijumaa limerudi. Nani alinituma kununua gari la spoti lenye rimu nyeupe, mimi mwalimu wa fizikia wa Tlawi? Hakuna. Nilijituma. Bluu, milango miwili, sauti nzito. Nalipenda, basi. Akina mama wanaokwenda mnadani Bashay wamepita wakaniuliza kama mtoto ameshaoga. Nikawaambia bado mguu mmoja.

Salimu yuko hapa tangu Jumatano, likizo yake ya siku kumi. Yeye muuguzi wa zahanati kule Gendabi, Hanang. Mimi huku Mbulu. Tulipangiwa hivyo, wote wageni wa mkoa huu, na uhamisho tumeomba mpaka tumechoka kuomba. Kwa basi, safari inakula siku nzima na kipande. Kwa gari langu natoka shuleni Ijumaa mchana, jioni tunakula sahani moja. Ndoa yetu inatembea kwa magurudumu manne, kwa hiyo nikiyasugua naona nina sababu.

Yuko jikoni anaunguza chapati. Nina furaha leo.

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Ni hii barabara, mawe matupu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yameuma. Kumbe kuna breki za kaboni na kauri. Diski yake, ile sahani inayobanwa na pedi, si chuma. Nyepesi, haishiki kutu, haichoki kwa joto. Na haitoi vumbi jeusi. Hapo nimerudia kusoma mara tatu. Rimu zinabaki nyeupe mwezi mzima!

Gari kama langu lilitolewa pia katika toleo la bei mbaya lenye breki hizo. Kwa hiyo zinaingia.

Salimu ameuliza nasoma nini. Nimesema mtaala.

Ijumaa, 8 Agosti. Gendabi

Nane Nane.

Nilikuwa namrudisha Salimu kazini, tukaanza kushuka Dareda kama saa tisa. Mteremko ule naujua kona kwa kona. Siku hizi, kwa sababu ya ule mtetemo, sikanyagi breki kwa nguvu. Naziegemea tu, kidogo kidogo, toka juu hadi chini. Kona ya tatu kanyagio likawa laini. Ya nne likazama mpaka sakafuni. Hakuna kitu. Nikapiga gia namba mbili, injini ikalia, nikavuta hendibreki, nikalisukumiza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Upande wa pili ni hewa. Kioo cha pembeni kimekwenda. Harufu ya kuungua, na kimya.

Salimu alifungua mlango, akachukua begi lake kiti cha nyuma, akaanza kushuka kwa miguu. Nikamwita. Hakugeuka. Nikakaa mpaka kanyagio likarudi kidogo, nikashuka kwa gia namba moja nyuma yake, yeye mbele na begi begani, kama namchunga. Watu wa bodaboda walisimama kututazama. Sijawahi kuona aibu vile.

Karibu na chini nikampita, nikasimama kwenye kijito, nikazimwagia rimu maji kama kawaida. Leo zilikuwa nyeusi kupita kiasi. Huwa naoshea pale kwa sababu Gendabi maji yanabebwa na punda kutoka mbali, na mimi siwezi kuogesha gari mbele ya mama mwenye dumu kichwani. Maji yalifoka yalipogusa, mvuke mtupu. Nilikuwa bado nasugua Salimu alipopita. Akasimamisha basi la Katesh, akapanda.

Nikalifuata lile basi mpaka mwisho.

Jumamosi, 9 Agosti. Gendabi

Amesema mara moja tu, anakunywa chai. "Rehema, mimi ndiye napokea watu ambao breki zimewakatalia. Wengine nawashona. Wengine nawafunika. Gari lile sipandi tena. Na wewe nakuomba usishuke nalo."

Sijui kugombana na mtu anayesema taratibu. Nina hasira naye, na hasira zaidi kwa kuwa ana haki.

Bila gari tutaonana mara moja kwa mwezi kama wafungwa. Nimemwambia nitafunga breki bora kuliko zote zilizopo. Amesema, "Tafuta, tutaona." Nimelishika hilo "tutaona" kwa mikono miwili.

Jumatano, 13 Agosti. Tlawi

Zipo! Jamaa wa vipuri vya mtumba Arusha anazo mbili za mbele pamoja na pedi zake. Zimetoka kwenye gari lililogongwa kwa nyuma. Anazituma kwa basi nizikague, nikiridhika ndipo tuelewane.

Nimejiuliza bila kujidanganya: nazitaka kwa ajili ya Salimu au kwa ajili ya rimu? Salimu. Halafu rimu. Halafu tena rimu.

Jumapili, 17 Agosti

Gari nililipandisha taratibu wiki iliyopita, limebaki Tlawi; nilikwenda Gendabi kwa basi. Nilifika jana saa kumi, leo saa moja asubuhi nikawa stendi tena. Tumeonana kama watu waliopishana mlangoni. Chakula alichopika nimekibeba kwenye hotipoti, nimekila Dongobesh peke yangu. Nimelia kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Zimefika Mbulu mjini. Nimezibeba moja kila mkono, nyepesi kama sahani. Rangi ya kijivu, nzuri kuliko vyombo vyangu vyote vya harusi.

Fundi wangu, Akonaay, alizitazama kwa mbali kwanza. Hajawahi kufunga za aina hii na amesema wazi. Ana wasiwasi na mawe ya barabara zetu, anasema zikipigwa pembeni zinabanduka. Nikamwona mtu wa zamani.

Akafungua diski zangu za chuma. Zimepinda zote mbili, zina madoa ya bluu. Ndiyo maana usukani ulikuwa unatetemeka. Si barabara. Akauliza, "Mwalimu, huwa unazitia maji zikiwa moto?"

Nikasema hapana. Limetoka lenyewe, hapana, kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ndani ya soksi.

Ijumaa, 22 Agosti. Dongobesh

Basi linapakia, naandika stendi. Begani nina mfuko wenye diski zangu za chuma chakavu na zile za kauri. Kauri ni kwa ajili ya Salimu: nataka aishike, aone nimefanya kazi. Zile za chuma nampelekea Mzee Gidahoda, jirani yetu Gendabi. Mbarabaigi, mfua chuma, anatengeneza visu na kengele za ng'ombe, na kila nikifika ananiulizia chuma. Bega linauma.

Jumamosi, 23 Agosti. Gendabi

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Nimefika saa kumi, na jioni tulikwenda kwa Mzee Gidahoda, mimi na Salimu. Shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe mpaka zikaisha. Mzee hanunui chuma kwa macho. Anakitundika kwenye kamba, anakigonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza. Kisicholia vizuri hakiwi kengele. Akagonga diski zangu za zamani, akakunja uso. Akapitisha kidole kwenye yale madoa ya bluu.

"Mke wa daktari, nani ametia hii maji ikiwa moto? Hii imekasirika. Mimi nikitia maji natia kwa kusudi. Huyu ametia ovyo."

Salimu akanigeukia. Aliniona pale kijitoni kwa macho yake, mvuke na yote. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, "Mimi. Kila Ijumaa. Nilikuwa naosha rimu."

Miezi minane, kila Ijumaa. Nashuka mlima mzima, diski zinaiva, nazimwagia maji baridi. Zinapinda. Usukani unatetemeka. Naogopa mtetemo, naziegemea breki badala ya kuzikanyaga, zinaiva zaidi, mpaka siku zikakataa. Kutanuka na kusinyaa kwa vitu vigumu: naifundisha kila mwaka, kidato cha tatu, na natoa jaribio!

Kwa kujitetea nikatoa zile za kauri. Nikasema hizi ndizo dawa, hizi hazipindi. Mzee akaomba naye azisikie. Sikutaka, nikampa. Ya kwanza akaigonga kidogo tu, ikalia sauti ndefu, safi. Ya pili ikasema tak. Akagonga tena. Tak.

"Hii si chuma, sijui ni nini. Lakini hii moja imekufa."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hizi ni teknolojia, si kengele. Mzee wa watu! Salimu akanishika mkono. Akawasha tochi ya simu, akamulika pole pole kuzunguka matundu ya nati, kama anavyotafuta mfupa uliovunjika kwenye picha. Upo. Ufa mwembamba kama unywele, kutoka tundu moja hadi la pili.

Nusura niifunge diski ile kwenye gari.

Jumapili, 24 Agosti. Gendabi

Asubuhi nimekwenda peke yangu kumwomba radhi Mzee Gidahoda. Nimepiga magoti kama kwetu. Amecheka, ameniambia niinuke, magoti yangu hayamsaidii kitu, nimwachie chuma. Kikiyeyushwa upya hasira inatoka.

Kwa Salimu imekuwa vigumu zaidi. Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Nikamwambia yote, na la fundi pia, kwamba aliniuliza nikakataa. Akaendelea kupiga pasi. Mwisho akasema kilichomuuma si breki kufeli. Vyombo vinafeli. Kilichomuuma ni kwamba yeye alikuwa anashuka mlima kwa miguu na mimi chini nasugua rimu.

Nikaichukua sare aliyomaliza, nikaitundika mlangoni.

Jumatano, 27 Agosti. Tlawi

Nimemrudishia jamaa wa Arusha kauri zake na picha ya ufa. Amesema naye hakuuona. Huenda ni kweli.

Nimeamua. Diski mpya za chuma, za kawaida. Pedi zinazostahimili joto, ambazo Akonaay anasema ndizo chafu kuliko zote, zitatoa vumbi mara mbili. Mafuta mapya ya breki. Zile za kauri nilizichagua kama mtu anayechagua hereni.

Nimemwambia Akonaay kuwa nilimdanganya kuhusu maji. Amesema alijua, madoa hayajipaki yenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba. Gendabi

Nimeshuka Dareda peke yangu. Gia namba mbili toka juu. Breki nakanyaga, naachia, nakanyaga, naachia. Usukani umetulia kabisa. Malori mawili yakaomba kupita nikayapisha. Kwenye kijito sikusimama. Nimefika Gendabi rimu nyeusi kama masizi ya sufuria, na watoto wa jirani wakaniuliza kama nimepita motoni.

Salimu alitoka nje, akayazunguka magurudumu yote manne, mikono nyuma. Aliniwekea chakula kingi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepanda mlima peke yangu. Nilimwuliza kama atakuja siku moja kwa gari. Amesema, "Tutaona." Ni neno lile lile, lakini leo alilisema akinifungia mlango wa gari.

Jumamosi, 13 Septemba. Dareda, chini

Jana asubuhi nikasikia hodi, Salimu. Alisindikiza mgonjwa wa rufaa huku Mbulu usiku kucha, mama wa uzazi, na wamepona wote wawili, mama na mtoto. Gari la wagonjwa likarudi bila yeye. Jana alilala kidogo, kisha jirani akamwita kwa mtoto wake mwenye degedege, akakesha tena. Kesho ana zamu Gendabi. Basi la leo asubuhi lilikuwa limeshaondoka.

Tukakubaliana. Atapanda mpaka juu ya mteremko. Pale nimwamshe kama atakuwa amelala, ashuke kwa miguu, tukutane chini. Nikasema sawa. Sikumbembeleza, ingawa nilitaka sana.

Alilala kabla hatujafika Dongobesh.

Juu ya mteremko nikasimama kando, nikazima injini. Ningeweza kushuka naye kimya kimya, asingejua. Nilifikiria, naandika ukweli. Kisha nikamgusa bega.

Akafungua macho, akaliangalia bonde muda mrefu. Akaniangalia mimi.

"Gia namba ngapi?"

"Mbili."

Akavuta mkanda, akahakikisha umeshika. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.

Nimeshuka kona zote naye ndani. Ya tatu, ya nne, zote. Kwenye kona ya nne nilimtazama. Alikuwa anakoroma.

Sasa nimesimama chini, mbali kidogo na kijito, daftari liko juu ya usukani. Nasikia vyuma vikilia tik, tik, vinapoa. Rimu sijazitazama. Salimu bado amelala, mdomo wazi. Sina haraka.